UZI: Ganzi inaisha kabla gego la mwisho halijatoka. Tuirefushe vipi bila kumdhuru mgonjwa?

#1 Eleveta

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa madaktari wa kinywa na meno, matabibu meno na wauguzi wanaosimama nao kitini. Mada ni kurefusha ganzi ya sindano kwenye upasuaji wa mdomoni, hasa gego la tatu la chini lililolala ndani ya mfupa. Kufungua fizi, kukata mfupa, kugawa jino, kutoa mizizi, kusafisha na kushona, kazi inaweza kufika dakika 60 hadi 90. Lidokaini 2%, ganzi yetu ya kawaida, yenye adrenalini hulaza kiini cha jino kwa takriban saa moja, ilhali mdomo hubaki mzito saa 3 hadi 5. Hapo ndipo kasheshe inapoanzia: mgonjwa anakwambia mdomo bado umekufa ganzi, lakini drili ikikaribia mzizi anaruka.

Naomba tujadili mambo matatu. Dozi ya nyongeza itolewe lini? Bupivakaini, ile ganzi ya muda mrefu, iingie wakati gani na kwa kiasi gani? Na hizi habari za kuchanganya ganzi na deksamethasoni (steroidi ya kupunguza uvimbe) au dawa nyingine zina uzito gani kwa kliniki ya kawaida? Tafadhali tuweke vipimo. "Ongeza kidogo" haimsaidii mtu aliyeshika bomba.

#2 Tawi la Taya

Mkuu, umeuliza vizuri, ila kabla ya kutafuta dawa ndefu tuanze na shabaha. Ganzi nyingi zinazoitwa fupi ni ganzi zilizokosa mahali pake tangu mwanzo. Dawa ikimwagwa mbali na neva, inayofika ni kidogo, inalaza midomo na kukipitia kiini cha jino juujuu, halafu kinaamka mapema.

Bloku ya taya la chini, yaani sindano ya kulaza shina la neva linalolisha upande mzima: mgonjwa afungue mdomo hadi mwisho. Kidole gumba kikae kwenye bonde la ukingo wa mbele wa tawi la taya, ule mfupa unaopanda nyuma ya magego. Bomba lilale juu ya magego madogo ya upande wa pili. Ingiza sindano ndefu, geji 25 au 27, kando ya nje ya ule mkunjo unaoshuka kutoka nyuma ya gego la mwisho la juu, milimita 6 hadi 10 juu ya usawa wa magego ya chini. Unatarajia kugusa mfupa ukiwa umeingia milimita 20 hadi 25. Ukigusa mapema, nusu sindano bado iko nje, ncha iko mbele mno: rudi nyuma kidogo, sogeza bomba kuelekea meno ya mbele ya upande wa pili, kisha ingia tena. Usipogusa mfupa kabisa, ncha imepita nyuma: rudi, peleka bomba kuelekea magego makubwa. Usimwage dawa bila kugusa mfupa. Ikiingia kwenye tezi ya mate iliyo nyuma ya taya, utapooza neva ya uso. Jicho la upande huo halitafumba mpaka dawa iishe, na gego litabaki macho vilevile.

Ukigusa, rudi milimita 1, vuta nyuma uangalie damu. Katika bloku hii damu huonekana mara 10 hadi 15 katika kila sindano 100, kwa hiyo kuvuta nyuma si sherehe. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu umepata mawili kwa mpigo: ganzi haishiki, na moyo unaanza kwenda mbio. Kama hakuna damu, toa mililita 1.5 kwa dakika nzima. Rudi nusu ya njia, weka iliyobaki kwa ajili ya neva ya ulimi, kisha mililita 0.3 kwa neva ya shavu nje na nyuma ya gego. Subiri dakika 5 kamili kwa saa.

Mdomo kuwa mzito maana yake neva ya mdomo imelala, basi. Bonyeza fizi kwa kipimio chenye ncha pande zote mbili za jino. Kama upande wa ulimi bado una hisia, kuna tawi dogo la neva linaloingia taya kutoka upande huo; mililita 0.5 hadi 0.9 chini ya fizi upande wa ulimi, usawa wa gego la pili, mara nyingi hulimaliza.

#3 Eleveta

Asante #2. Na dozi ya nyongeza?

#4 Tawi la Taya

Dakika ya 40 hadi 45 tangu sindano ya kwanza, mgonjwa akiwa bado hajasikia kitu. Mililita 0.9 hadi 1.8 mahali palepale. Ukingoja mpaka maumivu yarudi, unachoma kwenye tishu iliyokwisha vimba, yenye damu na asidi zaidi, na dozi ileile haishiki tena kama ile ya kwanza. Mwambie muuguzi aandike saa ya sindano ya kwanza kwenye ubao, aikumbushe kwa sauti.

Hisia ikirudi ghafla mzizi mmoja tu ukiwa umebaki, choma kwenye nafasi kati ya mzizi na mfupa, mililita 0.2 kwa kila mzizi, taratibu kwa sekunde 20. Lazima usikie bomba linakataa. Likiteleza bila upinzani, dawa inarudi mdomoni. Inashika papo hapo lakini haidumu. Ni ya kumalizia, usiifanye msingi wa kazi.

#5 Katriji

Niongeze jambo linalosahaulika: adrenalini yenyewe. Ndiyo inayobana mishipa midogo ya damu ili lidokaini isisombwe. Lidokaini tupu 2% hulaza kiini cha jino dakika 5 hadi 10 tu. Kwa hiyo adrenalini ikifa ndani ya katriji (kile kichupa kidogo cha ganzi kinachopakiwa kwenye bomba), unachoma lidokaini tupu bila kujua, na damu itakutiririkia kwenye jeraha juu yake.

Inauawa na joto, mwanga na hewa. Lebo nyingi zinataka chini ya nyuzi 25. Chumba cha stoo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, bila kiyoyozi, hakifiki hapo hata usiku. Katriji zikae kwenye boksi lake, mahali pa baridi, gizani, zisigande. Kabla ya kupakia, inua katriji kwenye mwanga. Maji yawe meupe kama maji ya kunywa. Ukiona rangi ya njano au kahawia, tupa. Kiputo cha milimita 1 hadi 2 ni naitrojeni ya kiwandani, hakina neno. Kiputo kikubwa pamoja na kizibo cha mpira kilichosukumwa nje maana yake katriji iliganda. Kizibo kilichotoka bila kiputo mara nyingi ni katriji iliyolowekwa kwenye spiriti, na spiriti hupenya kwenye mpira. Sindano hiyo inachoma kama moto na inaweza kuumiza neva. Futa kichwa cha katriji kwa pamba yenye spiriti, usiiloweke.

#6 Mwalimu wa Dozi

Nakazia #5. Kwenye vituo vyenye vichupa vya lidokaini tupu tu, watu huongeza adrenalini wenyewe, na hapo ndipo nukta inapoweza kuua. Ampuli ya adrenalini 1:1,000 ina miligramu 1 kwa mililita. Kwa lidokaini mililita 20, mililita 0.1 inakupa 1:200,000 na mililita 0.2 inakupa 1:100,000. Tumia bomba la mililita 1 lenye mistari ya 0.01. Ukivuta mililita 1 badala ya 0.1, umemwekea mgonjwa mara kumi. Wawili wasome kipimo kwa sauti, kichupa kiandikwe nguvu, saa na tarehe, na kilichobaki jioni kimwagwe. Katriji ikipatikana, tumia katriji. Ile ya lidokaini 2% na adrenalini 1:80,000 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kituo kina hoja ya kuiagiza.

Hesabu zenyewe: 2% ni miligramu 20 kwa mililita. Katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36, ya mililita 2.2 ina 44. Soma lebo, maana zote mbili ziko sokoni. Kipimo cha tahadhari ni miligramu 4.4 kwa kilo, kisizidi 300. Lebo za Marekani huruhusu hadi 7 kwa kilo, kisizidi 500, ikiwa na adrenalini. Mtu wa kilo 60 kwa kipimo cha tahadhari ana miligramu 264, yaani katriji 7 za mililita 1.8 au 6 za mililita 2.2. Mtoto wa kilo 15 ana miligramu 66, haifiki hata katriji mbili ndogo. Uzito upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa macho.

#7 Mfupa Mgumu

Mimi naona suluhisho rahisi ni artikaini, ganzi nyingine ya meno. Ni 4%, mara mbili ya lidokaini, basi lazima ikae zaidi?

#8 Mwalimu wa Dozi

Hapana ndugu yangu, hilo linawachanganya wengi. Artikaini inashikana na protini kwa takriban 95%, lakini ina mkia unaovunjwa na vimeng'enya vya damu, kwa hiyo haikawii mwilini. Kiini cha jino hulala dakika 60 hadi 75, si mbali na lidokaini. Ubora wake ni kupenya mfupa: mililita 0.9 hadi 1.8 upande wa shavu wa gego, baada ya bloku ya lidokaini, humalizia pale bloku ilipolegea. Kwenye bloku yenyewe wengi tunaiepuka, kwa sababu taarifa za ganzi isiyoisha ya ulimi na mdomo zimekuwa nyingi zaidi kwa dawa za 4%. Na kumbuka katriji moja ya mililita 1.8 ina miligramu 72.

#9 Saa Nane

Twende kwenye bupivakaini sasa, maana ndiyo dawa hasa ya kurefusha. 0.5% na adrenalini 1:200,000. Inashikana na protini kwa 95% na inayeyuka vizuri kwenye mafuta ya neva, ndiyo sababu haitoki upesi. Kiini cha jino dakika 90 hadi 180 kwa bloku, tishu laini saa 5 hadi 9, wengine hufika 12. Udhaifu wake ni kuanza taratibu, dakika 6 hadi 10 au zaidi. Mtu asiyejua huchoma, husubiri dakika 3, huona bado, huchoma tena, na dozi imeshapanda.

Njia yangu: fungua kazi kwa lidokaini. Ikijulikana kwamba kazi itapita saa moja, weka bupivakaini mililita 1.8 kwenye bloku ileile dakika ya 20 hadi 30, lidokaini ikiwa bado imeshika. Ya pili inapokea zamu kabla ya ya kwanza kuondoka. Kama kazi ni ya dakika 40 na hofu ni maumivu ya usiku, iweke mwisho, kabla ya kushona.

Onyo kubwa kwa wanaofanya kazi ndani ya hospitali: bupivakaini iliyoko thieta mara nyingi ni ile nzito, ampuli ya mililita 4 yenye glukosi, ya kuchoma uti wa mgongo. Usiitumie mdomoni. Tafuta isiyo na glukosi, na usome ampuli yenyewe, siyo boksi.

Kikomo: miligramu 1.3 kwa kilo kwa tahadhari, jumla isizidi 90. Katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 9. Chini ya miaka 12 usitumie. Mtoto atatafuna mdomo wake mpaka utoke damu bila kujua. Hali kadhalika mtu mzima asiyeweza kufuata maelekezo.

#10 Mfupa Mgumu

Kwa nini usizichanganye kwenye bomba moja, nusu kwa nusu? Unapata mwanzo wa haraka na mwisho mrefu.

#11 Saa Nane

Unapata nusu ya kila moja. Lidokaini 2% inakuwa 1%, bupivakaini 0.5% inakuwa 0.25%, na adrenalini nayo inapungua. Mwanzo haufiki ule wa lidokaini kamili na mwisho haufiki ule wa bupivakaini kamili. Sindano mbili, kila moja kwa wakati wake, ni bora.

Sumu zake lakini zinajumlishwa, na hapa wengi hukosea kwa kuhesabu kila dawa peke yake. Hesabu kwa asilimia. Mgonjwa wa kilo 60 amepata katriji 3 za lidokaini: miligramu 108 kati ya 264, ni kama 41%. Amebaki na 59%. Kikomo chake cha bupivakaini ni 78, na 59% yake ni miligramu 46. Wewe unahitaji katriji moja au mbili, yaani 9 hadi 18. Uko salama. Ila kama ulishatumia katriji 6 za lidokaini ukihangaika na bloku iliyokosa, 216 kati ya 264, mfuko umebaki na 18% tu. Ndiyo maana #2 alianza na shabaha.

#12 Presha na Sukari

Naomba tusisahau mgonjwa aliye nyuma ya taya. Mwenye ugonjwa wa moyo, adrenalini isizidi miligramu 0.04 kwa kikao. Hiyo ni katriji 2 za mililita 1.8 zenye 1:100,000. Kwa 1:80,000 ni katriji moja tu, ya pili inakupitisha. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni miligramu 0.2. Anayemeza propranololi, dawa ya presha na moyo, presha inaweza kuruka huku mapigo yakishuka: anza na nusu katriji, pima presha, subiri dakika 5. Na muulize mgonjwa kuhusu miraa bila kumhukumu. Miraa hupandisha presha na mapigo, na adrenalini inaongeza juu yake. Aliyetafuna siku hiyo na mapigo yako juu, ahirisha, jino halikimbii. Mwenye pumu iliyowahi kuamshwa na salfaiti naye aulizwe, maana katriji zenye adrenalini huhifadhiwa kwa salfaiti.

Jino lenye usaha ni kesi nyingine. Tishu yenye uambukizo ina asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya dawa inabaki katika hali isiyoweza kupenya ganda la neva. Kuongeza katriji palepale ni kupoteza dozi na kusambaza vijidudu. Choma mbali, kwenye shina la neva, toa usaha, na upasuaji mrefu usubiri kama unaweza kusubiri.

#13 Eleveta

Shukrani sana wakuu. Bado deksamethasoni.

#14 Ampuli

Nianze na nilichokiona kina faida. Deksamethasoni miligramu 4, ampuli ya mililita 1, chini ya utando wa fizi karibu na eneo la upasuaji baada ya ganzi kushika. Inapunguza uvimbe na kukaza kwa taya baada ya gego la tatu, na hilo linajulikana vizuri. Wapasuaji wa India wameichanganya moja kwa moja na lidokaini, mililita 1.8 kwa mililita 1, na kuripoti kwamba sindano inawasha kidogo na ganzi ya tishu laini inakaa zaidi. Hata hivyo ukifungua katriji na kuchanganya kwenye bomba, umeongeza mlango wa vijidudu na wa makosa ya lebo. Kwangu, kuichoma pembeni peke yake kunatosha. Mwenye kisukari kisichotulia, vidonda vya tumbo au kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, acha. Andika kwenye faili kwamba ni matumizi nje ya lebo na mgonjwa ameelezwa.

Sodiamu baikaboneti 8.4%, sehemu 1 kwa 10 za lidokaini, inaharakisha kuanza na kupunguza mwasho, kwa sababu katriji yenye adrenalini ina asidi kali. Muda haiurefushi kwa maana. Usiiweke kwenye bupivakaini, inaganda na kufanya chengachenga. Hialuronidasi, kimeng'enya kinacholegeza tishu, inasambaza dawa lakini inafupisha ganzi, kinyume cha tunachotafuta. Deksmedetomidini (dawa ya kutuliza mgonjwa) na magnesiamu salfeti vinarefusha, lakini cha kwanza kinashusha mapigo na presha. Bila mashine ya kufuatilia moyo na mtu wa usingizi pembeni, visiingie kliniki ya meno.

#15 Presha na Sukari

Kila anayetumia dozi kubwa awe na mpango wa sumu ukutani. Dalili za mwanzo: ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, ulimi kufa ganzi upande usiochomwa, maneno kukokotana, wasiwasi wa ghafla. Halafu degedege. Kwa bupivakaini moyo unaweza kuvurugika karibu pamoja na degedege, na kuurudisha ni kazi ngumu. Acha kuchoma, ita msaada, oksijeni, njia ya hewa, midazolamu au diazepamu kwa degedege. Mafuta maalumu ya kuchoma mshipani (lipid emulsion) ya 20%: mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika 2 hadi 3, kwa kilo 60 ni mililita 90, kisha mililita 0.25 kwa kilo kila dakika, jumla isizidi mililita 12 kwa kilo. Moyo ukisimama, anza kukandamiza kifua mara moja, na adrenalini ya kufufua itolewe kwa dozi ndogo, chini ya mikrogramu 1 kwa kilo kila mara. Kituo kisicho na mafuta hayo kisikaribie vikomo vya #6 na #9.

#16 Muuguzi wa Kiti

Naomba niseme la nyumbani, maana sisi ndio tunaobaki na mgonjwa. Aliyepata bupivakaini anaondoka anatabasamu, na saa sita usiku ganzi inaondoka yote kwa pamoja. Dawa ya maumivu ianze kabla: ibuprofeni miligramu 400 na parasetamoli gramu 1, saa 2 hadi 3 baada ya upasuaji, tumbo likiwa na kitu, kama hana vidonda vya tumbo wala figo mbovu. Asinywe chai ya moto wala supu mpaka mdomo urudi; ataungua bila kusikia. Asitafune upande ule. Asijipime kwa kujing'ata, wengi hufanya hivyo.

Tunamwandikia kwenye kadi saa ya sindano ya mwisho na jina la dawa. Kesho yake akipiga simu kusema mdomo bado mzito, ukiona "bupivakaini, saa 10 jioni" na yeye anapiga saa 1 asubuhi, zimepita saa 15, na hiyo si ganzi ya kawaida tena. Aitwe aonekane siku hiyohiyo, eneo lisilo na hisia lichorwe kwenye faili, na lipimwe tena kila anaporudi.

#17 Eleveta

Dada, hiyo kadi naomba uiweke hapa kama picha, bila jina la mgonjwa. Tuchapishe.